Sikukuu kwa Jicho la Aliyebaki Nje

Ni Jumamosi, jua linazama nyuma ya kilima. Msichana anarudi kutoka shambani na mzigo wa majani, na mkononi ana maua ya waridi na urujuani ya kujipamba kesho, kifuani na kwenye nywele. Bibi kizee ameketi ngazini pamoja na majirani zake, anasokota nyuzi huku akisimulia enzi zake, alipokuwa akijipamba siku ya sikukuu na kucheza ngoma mpaka usiku. Kengele inalia. Watoto wanarukaruka kiwanjani kwa kelele. Mkulima anaelekea kwenye mlo wake wa kimaskini akipiga mluzi, maana kesho hakuna jembe. Kisha taa zinazimwa moja moja, kijiji kinalala, na ndani ya kimya kile zinasikika nyundo na msumeno tu. Ni seremala. Amejifungia kwenye karakana yake, taa ya mafuta inawaka, anahangaika amalize kazi kabla hapajapambazuka.

Hayo ndiyo yaliyomo katika "Il sabato del villaggio", yaani Jumamosi ya kijijini, shairi alilolitunga Giacomo Leopardi mwaka 1829. Vizazi na vizazi vya wanafunzi wa Italia vimelikariri. Nami kila nikilirudia nakwama palepale: hili ni mojawapo ya mashairi mashuhuri kabisa ya Kiitalia kuhusu sikukuu, na sikukuu yenyewe haimo. Msichana hatumwoni akiwa amejipamba. Alichokuwa akikitengeneza seremala hatukijui. Jumapili inatajwa kwa maneno machache tu, ya kuonya: kesho saa zitaleta uchovu wa moyo, na kila mtu atarudi kimawazo kwenye kazi zake za siku zote. Utamu wote umewekwa kwenye mkesha. Mswahili hahitaji kuelezwa hilo, kwa sababu lugha yake imeupa mkesha jina la kukosa usingizi, na seremala wa Leopardi anakesha kwelikweli.

Wala si Leopardi peke yake. Ukiipitia fasihi ya Waitalia tangu karne ya 14 hadi ya 20 utaikuta sikukuu kila mahali: maandamano ya watakatifu, kanivali, harusi, mioto ya Mtakatifu Yohane, karamu za Krismasi. Lakini mara nyingi mno anayetusimulia hachezi. Yuko dirishani. Yuko juu ya roshani ya jirani. Amewaleta wachezaji kwa gari la farasi na sasa anawasubiri. Yuko uhamishoni, au ni mgonjwa kitandani. Wageni huiwaza Italia kama nchi ya vinyago vya Venice na mvinyo uwanjani, na kuhusu nchi huenda hawakukosea. Waandishi wake wakubwa, hata hivyo, walivutwa na swali jingine: ngoma inapolia, nani hayumo?

Leopardi alilijua jibu mwilini mwake. Alizaliwa Recanati, katika mkoa wa Marche, mwaka 1798, mwana wa kabaila. Ujana wake ulipotelea katika maktaba ya baba yake, akisoma mpaka mgongo ukapinda na macho yakadhoofu. Nyumba yao ilitazama kiwanja kidogo, na kiwanja hicho leo kinaitwa kwa jina la shairi lile la Jumamosi. Kijiji kilipita chini ya madirisha yao.

Katika shairi jingine, la mwaka 1820, amesimama usiku wa sikukuu baada ya kila kitu kwisha. Mwezi umetulia juu ya bustani na mapaa. Mwanamke anayempenda amelala, pengine anaota wale waliompendeza leo na wale aliowapendeza yeye. Leopardi hajidanganyi kwamba yumo katika ndoto hiyo. Kisha kwa mbali anasikia fundi mmoja akiimba njiani, anarudi kwake baada ya starehe, na wimbo ule unavyofifia ndivyo moyo unavyomkaza. Mawazo yanamrusha mbali, kwenye Roma ya kale na makelele ya majeshi yake: imekwenda wapi sauti ile yote? Halafu, ghafla, anarudi kwenye kumbukumbu ya utotoni. Alikuwa mtoto, ameingojea sikukuu kwa hamu, imepita, naye amelala macho wazi akisikia wimbo kama huohuo ukipotea vijiani kidogokidogo, na moyo ukamkaza vilevile. Dola ya Roma na mtoto aliyekosa usingizi amewaweka katika shairi moja, na mtoto ndiye wa mwisho kusemewa. Sijui mshairi mwingine aliyethubutu kuyapima hayo mawili kwa kipimo kimoja.

Ili kuelewa kwa nini kubaki nje kunauma kiasi hicho, yafaa kujua sikukuu ya Kiitalia ni ya nani. Italia kama dola moja ni ya mwaka 1861. Kabla ya hapo mtu alikuwa mtu wa mji wake, na mji ulikuwa na mtakatifu msimamizi wake: Milan na Ambrosi tarehe 7 Desemba, Venice na Marko tarehe 25 Aprili, Naples na Januari, ambaye wao humwita Gennaro, tarehe 19 Septemba, Florence na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Siku hiyo mji hujihesabu. Kila chama cha mafundi kina nafasi yake katika maandamano, kila ukoo una benchi lake, kila mtaa una bendera yake. Asiyekuwepo anaonekana kwa pengo lake.

Dante Alighieri alilionja pengo hilo kwa karibu miaka 20. Florence ilimfukuza mwaka 1302, na alikufa Ravenna mwaka 1321 bila kuuona tena mji wake. Mwaka 1315 alipelekewa msamaha. Masharti yalikuwa kulipa faini, kisha kupelekwa katika San Giovanni, kanisa la ubatizo la mji, atolewe kwa mtakatifu kama mkosaji aliyetubu. Ilikuwa desturi ya Florence: katika sikukuu ya Yohane Mbatizaji wafungwa waliosamehewa waliandamana mbele ya watu hadi mahali hapo. Dante alimwandikia rafiki yake kwamba kwa njia hiyo harudi. Fikiria uzito wake. Lile ndilo kanisa alimobatizwa, ile ndiyo sikukuu ya utoto wake, na sasa mlango umefunguliwa, lakini mlango wenyewe ni wa aibu.

Wala hakuacha kulitamani kanisa hilo. Katika Paradiso, sehemu ya mwisho ya utenzi wake mkuu, sura ya 25, anasema iwapo shairi lake takatifu litaushinda ukatili unaomfungia nje, atarudi na kuvikwa taji la ushairi penye kisima alichobatiziwa. Na huko kwenye Inferno, sehemu ya kwanza, ya Motoni, sura ya 15, kuna mahali ambapo huwa nasimama kila mara. Mwalimu wake Brunetto Latini yuko katika mchanga unaonyeshewa moto, na inambidi akimbie kuwawahi wenzake. Dante anamwona akikimbia kama washindani wa mbio za Verona, wale wanaogombea kitambaa cha kijani, tena anafanana na mshindi. Verona ndiyo iliyompokea Dante alipokuwa hana kwao. Mbio zile zilikuwa sikukuu ya wenyeji wake, naye mgeni pembeni akazitazama, akazihifadhi, na siku alipotaka kumpa mwalimu wake heshima ya mwisho motoni, akampa mbio za sikukuu ya mji wa watu.

Kizazi kimoja baadaye Giovanni Boccaccio anaigeuza hali hiyo. Ni mwaka 1348, tauni inaimaliza Florence. Anasimulia jinsi hata desturi za msiba zilivyovunjika: penye kilio cha wanawake wa ukoo sasa pana vicheko na utani. Vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, wanakutana katika kanisa la Santa Maria Novella na kukubaliana watoke mjini. Huko kwenye majumba ya mashambani wanasimuliana hadithi 100 kwa siku 10, na kila jioni wanacheza na mmoja wao anaimba. Watumishi wamepewa amri: habari ya nje isiingie humu, isipokuwa iwe ya furaha. Kwa hiyo sikukuu ya kitabu hicho, Decameron, inasimama juu ya amri hiyo. Sisi tunaosoma tunajua kilichoko nyuma ya ukuta, na kila hadithi ya kuchekesha tunaisikia huku masikio yetu yakiwa barabarani.

Katika mji uleule, zaidi ya karne moja baadaye, Lorenzo de' Medici alikuwa mtawala na mshairi kwa pamoja, na nyimbo alizotunga ziimbwe kwenye magari ya kanivali zilisifu ujana huku zikikiri kwamba unatoroka. Alikufa Aprili 1492, akiwa na miaka 43. Haikutimia miaka mitano kabla kanivali yenyewe haijageuzwa: tarehe 7 Februari 1497, mtawa Girolamo Savonarola akiwa na sauti kubwa mjini, vinyago, vioo, ala za muziki na vitabu vilirundikwa katika uwanja wa Signoria na kuchomwa moto. Mwezi Mei 1498 Savonarola naye akanyongwa na kuchomwa katika uwanja uleule.

Sasa nishuke kusini na magharibi, kisiwani Sardinia, kwa mwandishi ambaye naona hasomwi vya kutosha hata kwao. Grazia Deledda alizaliwa Nuoro mwaka 1871. Shule aliiachia madarasa ya chini, kama walivyofanyiwa wasichana wa wakati ule. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926 ilimfanya mwanamke wa pili duniani kuipata katika fasihi. Riwaya yake Canne al vento, Matete Upeponi, ilitoka mwaka 1913, na moyo wake ni sikukuu ya Mama Yetu wa Msaada, inayofanyika mwezi Mei.

Desturi ya Sardinia ni kwamba kanisa la porini halikai peke yake. Limezungukwa na vyumba vidogovidogo, na familia huhamia humo kwa siku za novena, na magodoro, sufuria na watoto. Mchana ni sala, usiku ni kodiani na ngoma ya duara, watu wameshikana mikono kuuzunguka moto. Akina dada watatu wa ukoo wa Pintor walikuwa mabibi wakubwa katika sikukuu hiyo. Sasa baba amekufa, mali imekwisha, dada wa nne alitoroka zamani, na nyumba inashikiliwa na mtumishi wao Efix, asiyelipwa mshahara.

Mwaka huo Noemi, dada mdogo, hakwenda. Wenzake wameondoka, yeye amebaki uani peke yake na kushona kwake. Na hapo Deledda anafanya jambo la ufundi mkubwa. Badala ya kutupeleka kwenye ngoma pamoja na wanaokwenda, anatubakiza na Noemi, na ngoma inatujia kichwani mwake: yeye ni msichana tena, amepanda kwenye roshani ya nyumba ya padri, mwezi mkubwa wa rangi ya shaba unatoka, kodiani inalia, na kule chini watu wanapita mbele ya moto kama vivuli. Angalia vizuri. Hata katika kumbukumbu yake tamu kabisa hachezi. Yuko juu, anatazama. Heshima ya ukoo ilimweka pale alipokuwa tajiri, na umaskini umemweka nyumbani alipokuwa mtu mzima. Roshani ni ileile. Na katika kimya hicho mlango unagongwa: ni Giacinto, mwana wa dada aliyetoroka, amefika na baiskeli.

Efix ana siri. Ndiye aliyemuua bwana wa nyumba, baba yao mabibi hao, usiku ule binti alipotoroka, ingawa hakukusudia. Dhambi inapomlemea anaacha kila kitu na kuwa ombaomba, akiwaongoza vipofu kutoka sikukuu hadi sikukuu. Hapa tunaziona sherehe zote za kisiwa kutoka kimo cha mtu aliyeketi chini njiani na mkono ameunyoosha. Wanaopita wana nguo mpya. Yeye anaona viatu. Na mwishoni, siku Noemi anapoolewa na binamu yake tajiri na ukoo unapata kupumua, Efix yuko ndani ya nyumba ileile mkekani, anakata roho, bibi harusi akielekea kanisani. Deledda hatwambii kwamba Efix ndiye aliyeigharamia sikukuu hiyo. Tunamwona tu akifunikwa.

Cesare Pavese, mtu wa Piemonte, kaskazini, alikuwa mwandishi wa tabia nyingine kabisa, mkavu, asiyependa maneno mengi. Lakini alipoandika La luna e i falò, riwaya ya mwisho aliyoichapisha akiwa hai, iliyotoka mwaka 1950, alikwenda kusimama palepale. Msimulizi wake anaitwa Anguilla, yaani mkunga, yule samaki mrefu anayeteleza. Ni mtoto aliyeokotwa, akalelewa na wakulima kwa sababu hospitali iliwalipa kitu kila mwezi. Alikwenda Marekani, akapata fedha, na baada ya vita kuu ya pili anarudi kwenye vilima vya Langhe, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi Agosti, akiwa amepanga hotelini katika kijiji alichokulia.

Kumbukumbu zake za sikukuu ni za mfanyakazi. Wasichana wa bwana wake, Irene na Silvia, wanakwenda sherehe wakiwa wamevaa vizuri, naye kijana ndiye anayeendesha gari la farasi. Muziki anausikia kutoka mahali magari yanapoegeshwa. Siku hiyo kwake ilikuwa siku kubwa, na Pavese haidharau furaha hiyo hata kidogo. Ndiyo maana inauma.

Rafiki yake Nuto ndiye aliyekuwa ndani. Nuto alipiga klarineti katika kila sherehe ya vilima vile, siku tatu mchana na usiku, hadi alipoiacha na kushika useremala wa baba yake. Mazungumzo yao kuhusu mioto ya Mtakatifu Yohane ndiyo ninayoyapenda kuliko yote katika kitabu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni vilima vyote viliwaka, na watu waliamini mioto ile inaamsha udongo. Anguilla, aliyetembea dunia, anashangaa kwamba Nuto, mtu wa siasa za wanyonge na mwenye kuchambua kila jambo, bado anaamini. Nuto anajibu kwa utulivu kwamba mashamba yaliyowashiwa moto pembeni yalizaa vizuri zaidi, na kwamba ushirikina ni ule tu unaodhuru watu. Anayetumia mwezi na mioto kumwibia mkulima na kumwacha gizani, huyo ndiye mjinga anayestahili kuadhibiwa. Wanaanthropolojia wameandika vitabu vinene bila kulisema jambo hilo vizuri kama seremala huyu.

Kisha mioto inabadilika. Mkulima Valino, aliyebanwa na umaskini mpaka akili ikamruka, anaiteketeza nyumba yake pamoja na watu wake. Na ukurasa wa mwisho ni wa Santa, mdogo wa wale wasichana wa gari la farasi, aliyekuwa upande wa mafashisti na upande wa wapiganaji wa msituni kwa wakati mmoja. Wapiganaji walimpiga risasi, wakamfunika kwa matawi makavu ya mizabibu, wakamwagia petroli. Hata baadaye alama ilikuwa bado ipo ardhini, na aliyekuwa hajui kisa angedhani ni mahali watu walipofanya sikukuu. Pavese alijiua Turin mwezi Agosti mwaka uleule wa 1950.

Utawala wa kifashisti ulikuwa umejaribu kuichukua sikukuu yote mikononi mwake, na hapa kuna habari inayotuhusu moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. Juni 1935 serikali ya Mussolini ilitunga sheria ya Jumamosi ya kifashisti: mchana wa Jumamosi kazi isimame na watu waende kwenye mazoezi ya kijeshi na ya chama. Jumamosi ileile ya msichana na maua yake. Mwaka huohuo Carlo Levi, daktari na mchoraji kutoka Turin, alihamishiwa kwa nguvu katika mkoa wa Lucania kwa sababu ya kuipinga serikali hiyo. Kitabu chake, Cristo si è fermato a Eboli, kilitoka mwaka 1945.

Levi ni mtazamaji kwa amri ya polisi: haruhusiwi kuvuka mpaka wa kijiji. Mwezi Septemba anaona sikukuu ya Bikira Maria mweusi wa Viggiano. Sanamu inapitishwa njiani, wakulima wanairushia ngano kwa viganja, bunduki zinalia kutoka milangoni, baruti inapasuka mfululizo, tarumbeta zinapiga. Hawa ni watu wa malaria na njaa, na ngano ile ni chakula. Levi anautazama uso mweusi wa mama huyo katikati ya moshi na punje, na haoni mama mpole wa Kanisa. Anaona nguvu ya ardhini, mwenye kutoa na kunyima mavuno.

Wiki chache baadaye, tarehe 3 Oktoba 1935, Italia inaivamia Ethiopia. Kengele zinapigwa, mkuu wa kijiji anatokea roshani kuhutubia, nchi nzima imeamriwa kushangilia. Levi anawahesabu waliokuja uwanjani: wakulima 20 au 25, waliokusanywa kwa taabu na polisi na vijana wa chama. Wanasikiliza kimya, kisha wanatawanyika. Mwezi Mei 1936, Addis Ababa ilipotekwa, waliohamishwa wengi walipewa msamaha wa ushindi, naye Levi akawa miongoni mwao. Aliachiliwa kwa furaha ya vita asivyovitaka, na kitabu kinaonyesha kwamba aliondoka bila haraka. Sijapata kuona penginepo ukweli wa sikukuu ukipimwa kwa uwazi namna hiyo: ngano iliyorushwa na wenye njaa upande mmoja, na watu 25 waliosukumwa uwanjani upande wa pili.

Sicilia nayo ina maktaba yake ya sherehe. Giovanni Verga aliandika visa vyake vya watakatifu wanaogombaniwa na mitaa akiwa anaishi Milan, mbali na kwao, na umbali huo unausikia katika ubaridi wa kalamu yake. Leonardo Sciascia alirudi kwenye suala hilohilo mwaka 1965, katika kitabu cha picha za sikukuu za kidini zilizopigwa na kijana Ferdinando Scianna, na maelezo yake yaliwakera watu wa Kanisa. Alidai kwamba sherehe zile ni za kidini kwa sura tu. Kwa Sciascia, Msisilia ni mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake mwaka mzima, na ni katika sikukuu peke yake ndipo anapotoka katika upweke huo na kujikuta miongoni mwa wenzake. Sikubaliani naye kuhusu imani. Anayetembea miguu mitupu kilomita kadhaa kwa nadhiri ya mtoto mgonjwa hafanyi mchezo wa nafsi. Lakini kuhusu upweke nadhani alisema kweli, na aliusemea Uitalia mzima.

Luigi Pirandello, Msisilia mwingine, aliupeleka upweke huo hadi ukingoni. Katika tamthilia yake Enrico IV, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milan mwezi Februari 1922, mtu mmoja anashiriki msafara wa kanivali akiwa amevaa kama mfalme wa kale wa Ujerumani. Farasi anamwangusha, kichwa kinagonga chini, na akiamka anaamini yeye ni mfalme kweli. Akili inamrudia baada ya miaka 12, na anagundua wenzake wameshakula karamu ya maisha na nafasi yake mezani imekaliwa. Anaamua kubaki na vazi lake. Naye Giuseppe Tomasi di Lampedusa, katika Il Gattopardo, anampeleka bwana mkubwa wa ukoo wa Salina kwenye dansi ya makabaila wa Palermo mwaka 1862. Katikati ya muziki mzee huyo anajitenga chumbani, anasimama mbele ya picha ya mtu anayekata roho na kujiuliza kifo chake kitafanana na hicho kiasi gani.

Giorgio Bassani anatupa picha ndogo zaidi, na labda ndiyo ya huruma kuliko zote. Katika Il giardino dei Finzi-Contini, ya mwaka 1962, msimulizi anakumbuka sinagogi la Ferrara utotoni mwake. Wakati wa baraka kila baba huwafunika wanawe kwa shali yake ya sala. Shali ya baba yake ilikuwa kuukuu, imetobokatoboka, na kupitia matundu yale mtoto aliwachungulia watoto wa Finzi-Contini chini ya shali ya baba yao, nao wakimchungulia na kumkonyeza. Mwaka 1938 zikaja sheria za ubaguzi. Karamu ya Pasaka ya Wayahudi inayofuata katika kitabu imejaa watu wa ukoo, na simu inalia.

Nimemweka mwisho Eduardo De Filippo wa Naples kwa sababu yeye alilikabili jambo hili ndani ya nyumba ya watu wa kawaida, kwa lugha yao. Natale in casa Cupiello ilionyeshwa mara ya kwanza siku ya Krismasi, mwaka 1931, ikiwa na tendo moja tu. Mawili mengine aliyaongeza baadaye. Luca Cupiello anaamka asubuhi ya baridi, na kabla ya kitu kingine anataka gundi yake. Anatengeneza pango la Noeli, na milima ya karatasi, na wachungaji, kama afanyavyo kila mwaka. Mke wake Concetta amechoka, umaskini umembana, na binti yao Ninuccia anataka kumwacha mume kwa ajili ya mwanamume mwingine. Luca hajui. Anajua pango tu. Na mara kwa mara anamgeukia mwanawe Tommasino, kijana mvivu wa kitandani, na kumuuliza kama pango linampendeza. Kijana anajibu halimpendezi. Anauliza tena. Halimpendezi.

Usiku wa Noeli siri inafichuka mezani, mume na mpenzi wanatoka kwenda kupigana, Concetta ameanguka kitini hana nguvu. Ndipo Luca anaingia na mwanawe na ndugu yake, wamejivika kama Mamajusi, wanaimba, wanapiga magoti mbele ya mama wa nyumba na zawadi zao. Kwa mara moja tu katika habari hii yote aliyeko nje ni yule aliyeiandaa sikukuu mwenyewe.

Ukweli unapomfikia unamwangusha. Tendo la mwisho yuko kitandani, ulimi mzito, majirani wamejaa chumbani na kahawa zao. Katika kuchanganyikiwa anaiunganisha mikono ya binti yake na yule mpenzi, akidhani ndiye mume, na hakuna anayethubutu kumsahihisha. Kisha anamtafuta mwanawe kwa macho na kumuuliza lile swali lake. Tommasino analia. Safari hii anasema ndiyo. Luca anatazama juu ya vichwa vya watu, mbali, kama mtu anayeona pango kubwa mno, lenye watu wa kila namna wanaoshuka milimani wakiharakisha.